Mnyapara Okiror na Shimo Chini ya Reli

Siku yangu ya kwanza kwa reli, pale Jinja, nilipewa spana ndefu kuliko mguu wangu nikaambiwa nisiulize kitu mpaka jua lishuke. Nilikuwa nimetoka Budondo na baiskeli ya kuazima, shati nimepiga pasi, kalamu mfukoni. Nilifikiri reli ni ofisi. Mnyapara wa genge, Mzee Okiror, Mteso mfupi mwenye shingo kama gogo, aliitazama ile kalamu akaniuliza kama nimekuja kuoa.

"Hapana, afande. Nimekuja kazi."

"Basi na hiyo kalamu utafunga nati gani?"

Genge lote likacheka. Mimi damu yangu inachemka haraka, tangu utoto. Nikamjibu kwamba hata yeye mama yake hakumzaa akiwa ameshika spana. Nikajua nimefukuzwa kabla sijaanza. Okiror akakohoa, akatema mate kando ya reli, akasema, "Huyu ana mdomo. Mpeni sepetu, tuone kama huo mdomo unainua kokoto."

Jioni mikono yangu ilikuwa nyama tupu. Hakunipa pole. Alinipa mafuta ya kulainishia bolti nipake kwenye malengelenge, na kesho yake nikarudi.

Sasa nyinyi wadogo zangu mnaoniita mzee, na mimi sina mvi hata moja, sikilizeni kwanza kazi yenyewe. Reli zile mbili zinalala juu ya mataruma, yaani mbao nzito, na sehemu nyingine ni ya chuma. Katikati na kando ya mataruma inajazwa kokoto, mawe yaliyopondwa, ili maji ya mvua yapite na njia isizame gari ya moshi ikipita. Pale reli moja inapokutana na nyingine kunawekwa bamba mbili, moja huku moja huku, tuliziita fishpleti, na bolti zinapita katikati zikazibana. Gari ikipita, nati zinalegea. Sisi tunakaza. Gari inapita tena, zinalegea tena. Kazi ya genge ni hiyo, na watu wanaosema tulikuwa tunalala vichakani hawajawahi kushika mtaimbo mchana wa Februari.

Kila genge lilikuwa na kipande chake cha njia, na kila kipande kilikuwa na mnyapara. Mnyapara ndiye anayejibu. Behewa likianguka kwenye kipande chake, dereva haulizwi kwanza, anaulizwa yeye. Ng'ombe akigongwa, yeye. Mtu akikata waya ya fensi, yeye. Nawaambia hivi mapema kwa sababu ndipo pale walipomnasia Okiror.

Mtaniuliza kwa nini nampenda mtu aliyenitukana kila asubuhi. Msimu wa mvua wa kwanza nilishikwa na malaria, nikaanguka juu ya kokoto. Mafuta ya gari hayakuwepo, dereva wa ofisi alikuwa amekwenda kwake Wanyange kununua samaki. Okiror alinilaza kwenye toroli, ile meza ndogo ya magurudumu tunayobebea vyuma juu ya reli, akaisukuma yeye mwenyewe mpaka karibu na hospitali, akinitukana njia nzima. Alisema kama nitakufa nife baada ya mshahara, asichangie jeneza. Tangu siku ile mtu akimsema vibaya Okiror mbele yangu, mimi navua shati.

Baadaye genge letu likahamishiwa Mbale, upande wa Industrial, mtaa wa viwanda. Pale mkubwa wetu alikuwa Injinia wa Wilaya, mtu wa mlimani kabisa, Mgisu, aliyesoma ng'ambo na kurudi na miwani na mwavuli. Sitamsingizia. Hakuwa mjinga na hakuwa mwizi. Ndiye aliyetupa buti za mvua wakati wengine walituacha na kandambili. Alikuwa anatuamkia kwa majina. Lakini alipenda sana kupigwa picha.

Pale Mbale reli imepita juu ya tuta. Upande mmoja kuna soko na viwanda, upande mwingine kuna Namatala, watu wamejaa kama mchwa. Kila asubuhi Namatala yote inapanda tuta, inaruka reli, inashuka mjini. Wanawake na ndizi kichwani, watoto wa shule, mbuzi, kila kitu. Gari ya mizigo ilikuwa inapiga honi mpaka dereva anachoka. Watu walikuwa wamegongwa, na kila mara Okiror ndiye aliyekwenda kuchukua mkeka na kuwafunika.

Ndipo Injinia akaleta mpango wake. Tutachimba njia chini ya tuta, watu wapite chini, gari ipite juu. Akasema miji mikubwa ya ng'ambo watu wanaingia ardhini na reli inaingia nao, hakuna anayekufa, na Mbale inakua, lazima ianze kujifunza mambo ya chini. Tukachimba. Tulishikilia reli kwa magogo huku wengine wanasukuma masanduku ya zege ndani, moja baada ya jingine. Lakini masanduku yaliyoletwa yalikuwa ya maji, ya kalvati kubwa. Mtu mzima anasimama bila kuinama, ndiyo. Upana wake sasa, ni mtu mmoja na nusu. Mkikutana, mnapita kifua kwa kifua.

Tulipomaliza, hakuna aliyeingia.

Nilikuwa nasimama pale mlangoni kuwaita. Nilikuwa napaza sauti kwa Kiswahili changu cha reli, ingieni, shukeni, pita chini, na wazee walikuwa wanageuka na kukimbia. Okiror alicheka mpaka akakaa. Aliniambia watu hawa mara ya mwisho kuambiwa kwa Kiswahili waingie chini ya ardhi, walikuwa wanaambiwa na askari, na wengi hawakurudi. Ni kweli. Zilivuma habari kwamba shimo lina mlango mwingine ndani, unakwenda kambini kwa askari. Wengine wakasema tumezika mtu ndani ili tuta lisianguke. Hajji, mwenye duka la sabuni na chumvi karibu na mlango wa upande wa mjini, alikataa kwa sababu yake mwenyewe: eti hawezi kupitisha kichwa chake na kofia yake chini ya behewa ambamo wanawake wamekaa.

"Hajji, hiyo ni gari ya mizigo," nikamwambia. "Juu kuna saruji."

"Saruji nayo hujui nani ameikalia."

Lakini hizo zote zilikuwa maneno ya juu juu. Sababu yenyewe ilikuwa nyingine, na kila mtu aliijua. Sisi Wasoga tunaijua, Wateso wanaijua, Wagisu ndio kabisa. Mwanaume na mama mkwe wake hawakutani uso kwa uso. Ukimwona njiani unakata kona, unaingia kwenye migomba, na yeye anajifunika anageukia upande. Kugusana ndiyo balaa. Kwetu tunaiita buko, na wanasema mkono wa aliyegusa unatetemeka mpaka kaburini. Sasa niambieni, ndani ya shimo la mtu mmoja na nusu, mama mkwe akitokea mbele yako, utaingia kwenye migomba gani?

Namatala nusu wameoa kwa nusu nyingine. Kwa hiyo wakaendelea kuruka reli.

Na hakuna aliyemwambia Injinia. Mkutano uliitwa, wazee wakakaa kwenye viti, wakasema shimo ni zuri, wakashukuru. Mambo ya mkwe hayasemwi kwenye mkutano. Na yeye Injinia, mtoto wa mlimani, alijua kuliko sisi. Alijua siku anachora. Lakini nadhani alisema moyoni kwamba akivaa miwani yeye ni Injinia, na mkwe wa watu ni yule anayerudi nyumbani jioni. Kosa lake lilikuwa hilo.

Akaamua kuonyesha watu mfano. Kukawa na sherehe. Viti, turubai, bendi ya magereza. Mpango ulikuwa hivi: gari ya mizigo itakuja polepole, na wakati ule ule inapita juu, Injinia ataingia chini kutoka upande wa mjini, wageni wa wilaya nyuma yake. Upande wa Namatala atasimama Mnyapara Okiror na bendera. Gari ikifika, Okiror ataruhusu mwananchi mmoja aingie, ili wakutane katikati na Injinia, washikane mikono, wapigwe picha.

Okiror akauliza mwananchi gani. Nilikuwa nimesimama hapo, nimeshika bendera ya pili. Injinia akajibu, na maneno yake nimeyashika mpaka leo:

"Yeyote atakayekubali. Awe mwanamke, awe mzee, wewe mwachie tu."

"Ni amri, afande?"

"Ni amri, Okiror. Unataka nikuimbie?"

Tukavuka kwenda upande wa Namatala. Watu walikuwa wengi, lakini walisimama mbali, kama shimo linauma. Okiror aliwabembeleza kwa Kiteso, kwa Kigisu kibovu, kwa kila lugha. Vijana wakasukumana wakicheka, hakuna aliyekubali. Gari ikapiga honi kule mbali. Ndipo akatokea mama mmoja mzee, amebeba malewa kichwani, yale machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi, ametoka nayo mlimani kwenda kuuza sokoni. Alikuwa amepitia Namatala kusalimia watu, hajui sherehe, hajui Injinia yuko wapi. Aliuliza foleni ya nini. Akaambiwa shimo. Akatucheka.

"Nimezaa watoto tisa, nitaogopa shimo? Nyinyi wanaume wa reli, niondokeeni."

Okiror akatazama huku na huku. Mimi sikumjua yule mama. Yeye pia hakumjua. Tulikuwa watu wa kuja. Waliomjua walikuwa nyuma, na kabla hawajafungua midomo, gari ikawa juu yetu, ardhi inatikisika, Okiror akashusha bendera, mama akaingia.

Yaliyotokea ndani nimeyasikia baadaye kwa yule mama mwenyewe. Giza, na mabehewa yanapiga juu kama mtu anatwanga chuma, huwezi kusikia hata kikohozi chako. Wakaendeana. Walijuana wakati miwani ya Injinia ilipogonga kikapu cha malewa na kifua kimegusa kifua. Mama akavuta kitambaa akajifunika uso, akachuchumaa pale pale chini. Hawezi kugeuka na mzigo. Injinia hawezi kumruka, maana kumruka ni vibaya mara mia kuliko kumgusa. Hawezi kupita kando. Ikabaki kitu kimoja, kurudi kinyumenyume, na nyuma yake wageni wa wilaya wanasukuma mbele kwa sababu hawaoni kitu na wanaogopa gari.

Upande wa mjini bendi ilikuwa inapiga. Watu wote macho juu ya tuta, wanangojea kusikia Injinia ametokea Namatala kama shujaa. Badala yake shimo la mjini likawatapika wageni mmoja mmoja, kofia zimeanguka, na mwisho kabisa yakatoka makalio ya Injinia wa Wilaya. Hajji ndiye aliyeanza kucheka. Halafu yule mama akatoka nyuma yake, kitambaa usoni, anapapasa ukuta, na wanawake wa soko wakamjua. Kicheko kikakatika kama kamba.

Okiror alipanda tuta akakimbia kuvuka, mimi nyuma yake. Mama alikuwa amekaa kwenye nyasi, malewa yamemwagika. Okiror akapiga magoti akaanza kuyaokota. Mama akamshika mkono. Nilisikia kwa masikio yangu:

"Mwanangu, mtaandika haya mambo. Nyinyi watu wa reli mnaandika kila kitu. Jina langu lisiingie."

"Halitaingia, mama."

"Binti yangu analala kwenye nyumba ya yule. Lisiingie."

"Nimesema halitaingia."

Wakubwa wanaanguka, lakini hawaangukii chini. Wanaangukia juu ya mtu. Injinia hakuweza kusema alirudi kinyumenyume kwa sababu ya mkwe. Akasema mnyapara ameruhusu raia kuingia wakati gari inapita, bila ruhusa, akahatarisha wageni wa wilaya. Bila ruhusa! Na mimi nilikuwa hapo na bendera mkononi.

Tukaitwa Jinja, kwenye baraza la nidhamu. Wakubwa watatu nyuma ya meza ndefu, feni inazunguka. Kabla hatujaingia, tukakaa kwenye benchi nje, mimi nikamwambia Okiror nitasema yote. Nitasema amri, nitasema maneno yale, nitasema unataka nikuimbie. Alikuwa amebakiza muda mfupi tu astaafu na kiinua mgongo chake na kurudi kwao Kumi. Kile ndicho kilichokuwa mezani siku ile: nyumba ya landi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, aliyokaa na mke wake, na uzee wake wote.

"Ukisema amri," akaniambia, "watauliza, kama alitoa amri, kwa nini yeye mwenyewe akarudi nyuma? Utajibu nini?"

"Nitajibu ukweli."

"Ukweli una jina la mtu. Nimeahidi."

"Mzee, watakufukuza."

"Watanifukuza. Wewe Msoga, tangu siku ya kwanza una mdomo. Leo ufunge. Mpaka yule mama azikwe, usiufungue."

Nilimtukana. Ndiyo, nilimtukana pale kwenye benchi, mtu wa umri wa baba yangu, nikamwambia ahadi haipiki chakula. Alikuwa anakuna doa la grisi kwenye suruali.

Ndani wakamuuliza alimruhusu nani aingie. Akajibu, mwananchi. Jina lake? Hakumwuliza jina. Alipata wapi ruhusa? Akatazama dirisha. Injinia alikuwa amekaa pembeni, macho kwenye viatu vyake. Neno moja tu lingetosha, na angeweza kulisema bila kumtaja mtu yeyote: nilimruhusu mimi. Hakulisema. Kisha wakaniita mimi kama shahidi. Nikasimama. Ulimi wangu ulikuwa kama chuma cha moto mdomoni. Nikamtazama Okiror, naye akatikisa kichwa kidogo tu.

Nikasema, "Sikusikia kitu, afande. Gari ilikuwa inapita."

Wakamfukuza. Bila kiinua mgongo. Akapewa siku chache za kutoka landi. Tukambebea kitanda na masufuria kwenye toroli ile ile, mpaka kituoni. Hakuna aliyeimba. Mke wake alikaa juu ya godoro na kuku wawili, akatutazama sisi genge kama sisi ndio tuliomfukuza.

Mnyapara aliyewekwa baada yake ni mimi. Nilitaka kukataa, nikamwandikia kumwuliza, akaniletea jibu kwa mdomo wa dereva: chukua, usiwaachie njia yangu wale wavivu.

Shimo nalo likapata watu, na si kwa mfano wa Injinia. Wanawake wa Namatala walikaa wenyewe, wakaweka sheria bila kuandika popote: asubuhi shimo linakwenda mjini tu, jioni linarudi Namatala tu. Hakuna kukutana. Mgeni akija kinyume anapigiwa kelele mpaka anarudi. Watu wakaacha kuruka reli, na sikufunika mtu tena kwa mkeka. Injinia akapigwa picha mlangoni mwa shimo, akapewa cheo. Hajji siku hizi anapita na kofia yake mkononi.

Kisha ikaja ile ya kupunguza wafanyakazi. Gari za abiria zilikuwa zimeshakufa, za mizigo zikawa za kuhesabu, na sisi tukaitwa mmoja mmoja kupewa bahasha. Ndiyo maana mimi mstaafu nina meno yote. Genge zima likaondoka. Nati sasa zinalegea na hakuna wa kukaza. Nyasi imeota katikati ya mataruma, watoto wanacheza mpira pale. Nikiona hivyo naumwa. Tulimpoteza Okiror kwa ajili ya njia ambayo wenyewe waliitupa.

Mwaka huu yule mama alikufa. Nilipanda mlimani kwenda mazishi, na nilimkuta Okiror huko. Alikuwa ametoka Kumi kwa baiskeli, amekonda, shingo ile ya gogo imebaki mishipa. Alikuwa na sepetu yake, anasaidia vijana kuchimba kaburi na kuwatukana kwamba wanachimba kama wanakuna mgongo. Wakwe wa kiume walikaa kando kwao, mbali, kama desturi. Injinia alikuwa kati yao, na mwavuli. Alimwona Okiror. Najua alimwona, kwa sababu aliinua kikombe cha chai anywe, mkono ukatetemeka, chai ikamwagikia suti. Watu wakanong'ona, buko hiyo. Mimi nasema ni uzee, au ni aibu, sijui. Hakuinuka kuja kumsalimia. Na Okiror, mpaka udongo ulipokwisha, hakugeuza kichwa upande ule.

Tulipokuwa tunaosha sepetu nikamwuliza.

"Mzee, mama amezikwa. Sasa naweza kufungua mdomo?"

Akakung'uta maji kwenye sepetu.

"Fungua. Lakini usianze na shimo. Anza na kazi. Waeleze kwanza kokoto ni ya nini, nati ni ya nini. Wasifikiri tulikuwa watu wa kuchekwa tu."

Nimeanza na kazi, kama alivyosema. Lakini yeye hakunikataza kumalizia na jambo hili: siku ile alirudi Kumi kwa baiskeli ile ile, sepetu imefungwa nyuma kwa mpira, na Injinia alimpita njiani na gari. Mvua ilikuwa imeanza.